Usiongee na Dereva, Labda Awe Sabine

Kwenye mabasi mengi niliyopanda utotoni, juu ya kichwa cha dereva palikuwa na maandishi: USIONGEE NA DEREVA GARI LIKIWA KATIKA MWENDO. Kazi ya mdomo ilikuwa ya konda. Yeye ndiye aliyeita abiria, akatania, akagombana na watu juu ya chenji. Dereva alishika usukani na kunyamaza. Nadhani mgawanyo huo umetukaa kichwani, ndiyo maana tukisikia mtangazaji wa televisheni anashiriki mbio za magari, wengi tunaguna. Huyo anatafuta kuonekana tu. Si akae studio?

Mimi naguna pia. Mtu maarufu akipewa gari la mashindano, kwanza namshuku mdhamini. Lakini yupo mmoja ambaye kwake siwezi kuguna: marehemu Sabine Schmitz wa Ujerumani.

Alizaliwa mwaka 1969 huko Adenau, akakulia Nürburg, kwenye hoteli ya wazazi wake iliyo jirani kabisa na barabara ya mashindano ya Nürburgring. Sehemu yake ya zamani, Nordschleife, ina karibu kilomita 21 za kupanda, kushuka na kupinda msituni, na kona zaidi ya 70. Bingwa wa Formula 1, Jackie Stewart, aliibatiza Jehanamu ya Kijani. Sabine alisomea kazi za hoteli kama binti yeyote wa wenye hoteli, lakini hakutulia jikoni. Mwaka 1996 yeye na wenzake, wakipokezana usukani, walishinda mbio za saa 24 za hapo kwa BMW M3, na akawa mwanamke wa kwanza kuzishinda. Mwaka uliofuata akashinda tena. (Ukipekua orodha za washindi za miaka hiyo utamkuta kwa jina la ndoa, Sabine Reck. Mashabiki wengi wa televisheni wangempita bila kumtambua.)

Maana dunia haikumjua kwa ushindi huo. Ilimjua kwa gari la mizigo.

Mwishoni mwa 2004 Jeremy Clarkson, mtangazaji wa Top Gear, kipindi cha magari cha BBC, alionekana Nürburgring na Jaguar S-Type ya dizeli, akihangaika kumaliza mzunguko chini ya dakika 10. Sabine akamfundisha, naye akapata 9:59, jasho likimtoka. Sabine akaingia kwenye gari lilelile, akatumia 9:12, kisha akamtania kwamba muda kama wa kwake Clarkson angeupata hata kwa gari la mizigo. Mwaka 2005 wakamletea kweli Ford Transit, lile la kubebea mizigo. Akatumia 10:08. Yaani alishindwa, kwa sekunde 9, na kushindwa huko kukampa umaarufu ambao saa 48 za ushindi hazikumpa.

Hapo ndipo nina ugomvi na televisheni. Ilimkuta bingwa, ikamgeuza kichekesho: tazameni mwanamke anavyolipeleka lile gari! Lakini hebu tuwe wa haki. Kichekesho kilifanikiwa kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa anachekesha. Anakata kona huku anaongea, anawazomea wanaomzibia njia, anacheka, na gari halitoki kwenye mstari. Ule ustadi hakuupata studio.

Aliupata kwenye teksi. Kwa miaka mingi aliendesha teksi ya BMW ya Nürburgring, gari la kasi ambalo mtu yeyote akilipa nauli alizungushwa barabara ile kwa mwendo wa mashindano. Abiria mgeni, kashika mlango kwa mikono miwili, tumbo linapanda na kushuka. Nani wa kumtuliza na kumwonyesha kona inayofuata ina hila gani? Dereva huyohuyo. Sabine mwenyewe alikadiria kwamba katika maisha yake alizunguka pale zaidi ya mara 20,000. Kwangu mimi ndicho chuo chake cha utangazaji. Alikuwa dereva na konda katika mwili mmoja, na kamera ilipokuja ilikuwa abiria mwingine tu.

Kwa hiyo wanaosema alikuwa na kazi mbili, udereva na utangazaji, sikubaliani nao. Mwaka 2006 alianza kutangaza kipindi cha magari kwenye chaneli ya DMAX huko Ujerumani, na hakuacha kushindana. Mwaka 2008 alimaliza wa tatu katika mbio zilezile za saa 24, safari hii kwa Porsche. Mwaka 2015, akiwa na miaka 46, alialikwa kwenye duru ya Nürburgring ya WTCC, mashindano ya dunia ya magari ya kawaida yaliyoboreshwa kwa mbio, akamaliza wa 10 na kupata alama. Mwaka 2016 ndipo Top Gear ikamfanya mmoja wa watangazaji wake. Miaka 12 baada ya ile Jaguar! Na hata hapo, kwa maoni yangu, walimbana pembeni ya meza iliyojaa watu.

Kuguna kwangu nakubakiza kwa safari ya upande wa pili, ile ya kumtoa mtu studio na kumtia kwenye mwendo asioufahamu. Septemba 2006 Richard Hammond wa kipindi hichohicho aliendesha gari la injini ya jeti, tairi likapasuka kwa mwendo wa takriban kilomita 460 kwa saa, akaumia ubongo. Alipona, ashukuriwe Mungu. Lakini ile ilikuwa siku moja ya kazi kwa ajili ya kipindi. Sabine alikuwa nyumbani kwake.

Saratani ilimchukua tarehe 16 Machi 2021, akiwa na miaka 51. Mwaka huohuo kona ya kwanza ya Nordschleife ikapewa jina lake. Sasa mtangazaji yeyote wa mbio za pale, awe amewahi kushika usukani au hajawahi, gari likiingia msituni lazima aanze na Sabine.