Betri ya Mzee Mmoja Mpole

Jamani, Mbeya ya mwezi wa saba mnaijua. Saa kumi na mbili asubuhi hata jogoo anasita kuwika. Sasa wewe kaa ndani ya Corolla, piga stata, usikie "tik." Moja tu, kama mtu aliyekufyonya na kugeukia ukutani.

Vijana wa bodaboda wakanisukuma mpaka gereji. Fundi hata boneti hakufungua. Alisikiliza ile tik, akatikisa kichwa: "Bosi, betri imekufa." 160,000. Siku tatu, tik. "Aa, basi alteneta haichaji, ndiyo iliyoua betri." Alteneta ya mtumba, 120,000. Siku nne, tik. Safari hii akaniangalia kwa huruma kabisa: "Hiyo kontroo boksi, bosi. Tafuta 450,000 tuimalize."

Tuimalize! Anayemalizwa hapo ni gari au mimi? Mtu hajapima chochote. Anabahatisha, na kila akikosa nalipa mimi. Wanaobeti wana nafuu, mkeka ukichanika angalau walichagua timu wenyewe. Nilipoomba risiti akacheka: "Bosi, kwani umetumwa na TRA?"

Na vile vifaa vya zamani, betri yangu na alteneta yangu, eti vimebaki gerejini "visikuchafulie buti." Nikashukuru, mjinga mimi.

Jirani yetu mmoja, mzee aliyekuwa fundi umeme wa magari miaka mingi kule Uyole, akaja na mita yake iliyofungwa kwa raba ya tyubu. Betri, volti 12.6. Nzima. Akaweka ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini. "Haya baba, piga stata." Mita ikaruka mpaka 3. Akaniambia volti 3 zinapotelea njiani, na hapo haitakiwi kupotea hata 1. Ni waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na chuma cha injini. Akaufungua: ukungu wa kijani umejaa kama mlenda uliolala. Msasa, spana, dakika kumi. Alitaka 5,000, tena akawa anahangaika kunitafutia chenji.

Nikapandwa na mori. Usiku nikavaa miwani ya mama watoto, nikasoma kwenye simu: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na ukipotoshwa unalalamika Tume ya Ushindani. Sheria inaniita mlaji, wakati aliyekula ni fundi! Lakini sawa.

Asubuhi nikashuka gerejini, kifua mbele. Nikamkuta na kijana mmoja wa kutoka Tukuyu, pikapu yake ya ndizi imegoma. Fundi amembebea betri, anaipigapiga mgongoni kama mtoto anayecheuliwa. Nikaitazama. Ubavuni ina doa jekundu la rangi ya kucha ya binti yangu.

"Chukua hii, bosi, 70,000 tu. Nzima kabisa. Ilikuwa ya mzee mmoja hivi, mpole."