Mpe Chumba Kimoja, Kisha Mwache

Wanaojiandaa kumpokea mtoto wa paka huanza na manunuzi: kitanda laini, mpira wenye kengele, bakuli lenye picha ya samaki. Vingi kati ya hivyo vingeweza kusubiri. Kitanda chenyewe huenda akakidharau akalala ndani ya boksi kililokuja nalo. Anachohitaji siku ya kwanza ni chumba kimoja, mlango uliofungwa, na watu wanaojua kutulia. Hao watu ndio adimu.

Hebu fikiria yaliyompata. Jana alilala amebanana na mama na ndugu zake. Leo katiwa kapuni, kasukwasukwa njiani, kisha kafunguliwa katikati ya sebule huku kila mtu anataka kumbeba. Akikimbilia chini ya kochi, tunasema ni mwoga. Mwoga wapi? Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake naye huwindwa, na silaha yake ya kwanza ni kujificha. Ukimvuta mguu kumtoa, umemfundisha kwamba mkono wa mtu ni wa kuogopwa, na somo hilo halifutiki upesi.

Basi mtengee chumba kidogo. Chakula na maji yawe upande mmoja, trei ya mchanga upande wa pili, kwa sababu paka hapendi kujisaidia karibu na anapokula. Mchanga unaoganda ukilowa usimwekee angali mdogo, maana huuonja. Chakula kiwe kilekile alichozoea alikotoka. Ukitaka kubadilisha, changanya kidogo kidogo kwa siku kadhaa. Maziwa ya ng'ombe niyaseme hapa, ingawa najua nitabishiwa: paka wengi huwaharisha. Maji yanatosha.

Kisha keti sakafuni ufanye shughuli zako. Usimkodolee macho, kwani kwa paka huo ni uchokozi. Akikutazama, fumba macho taratibu, uyafumbue. Atakuja mwenyewe, mwingine baada ya saa chache, mwingine baada ya siku kadhaa. Akishakula, kucheza na kujilamba bila kukujali, fungua mlango aanze kuikagua nyumba. Kama kuna paka mwenyeji, wabadilishie vitambaa vya kulalia kwanza ili kila mmoja aijue harufu ya mwenzake kabla hawajaonana.

Jambo linaloniudhi zaidi ni haraka ya kuwatenganisha na mama. "Anakula mwenyewe" si kigezo. Wiki 8 ndiyo kiasi cha chini, na 12 ni bora, kwa sababu katika mieleka na ndugu zake ndiko anakojifunza kwamba meno yanaumiza. Aliyetolewa mapema mara nyingi hukosa kipimo hicho. Nawe usimchezeshe kwa vidole. Leo unacheka, lakini akikua utajificha wewe.

Kuhusu hatari, piga magoti uitazame nyumba kutoka chini. Uzi ndio unaonitia hofu kuliko vyote. Ulimi wa paka una vimiba vinavyoelekea nyuma, kwa hiyo uzi ukishaingia kinywani kuutema ni shida, na ukifika tumboni waweza kuukata utumbo. Ukiuona umening'inia mdomoni au nyuma, usiuvute. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Maua ya yungiyungi, yale ya bustanini yaitwayo lily na si ya majini, yasiingie ndani kabisa, kwani hata chavua yake ikimdondokea manyoyani akailamba, figo zinaweza kufa. Paracetamol ni sumu kwake, na dawa ya viroboto ya mbwa yenye permethrin vilevile.

Kwa daktari mwende mapema, hata akionekana mzima. Chanjo huanza akiwa na wiki 6 hadi 8 na kurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka afike wiki 16 hivi, na dawa ya minyoo huenda sambamba nayo. Akishinda siku nzima bila kula, usijiambie bado anazoea; mwili wake hauna akiba. Na ziara hiyohiyo ulizia habari ya kuhasiwa, maana jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 tu, na kama umewachukua wawili wa tumbo moja, dume na jike, hao hawatambui undugu.