Acheni mgonjwa alale jamani

Jana nesi wa hospitali kanipigia, siyo mimi nimempigia, yeye mwenyewe ndo kapiga, ananiuliza toka sifuri mpaka kumi maumivu yangu yako ngapi. Nikacheka mpaka mshono ukanivuta. Mimi mtoto wa Tanga niliyekulia kwenye "jikaze, wewe siyo wa kwanza" leo naulizwa namba! Nikamwambia nne. Akasema haya, endelea na paracetamol, pumzika, ila uwe unainuka unatembeatembea damu isije ikaganda miguuni, kwaheri. Nikafunga pazia nikalala mpaka alasiri na hakuna aliyegonga mlango.

Nimetolewa mfuko wa nyongo, ulikuwa na mawe. Vitundu vinne tu, asubuhi hospitali, jioni niko kitandani kwangu hapa Leicester, Uingereza. Na kinachoniuma zaidi ni bega, eti wanakujaza gesi tumboni wapate kuona vizuri, ikibaki inakuja kusumbua begani huko, nani angejua.

Sasa nikikumbuka nilivyopasuliwa kujifungua huko kwetu Tanzania! Sebule imejaa, chumbani kwangu wamekaa mpaka miguuni pa kitanda, mmoja anataka soda, mwingine anasimulia binamu yake alipasuliwa hivihivi na hakuamka, shangazi anasema hebu funua tuone mshono. Nafunua. Kila anayeingia nafunua, na bado natakiwa nitabasamu niulize za nyumbani kwao, na wakiondoka wanasema mgonjwa ana kiburi, alikuwa anasinzia tu.

Najua kuna mtu hapo anaandika kwamba kumzuru mgonjwa ni sunna. Hata mimi nimesoma madrasa bibi, na tulifundishwa ukifika uombe dua, ukae kidogo, usimchoshe, uondoke. Hicho kipande cha kuja na watoto watatu mkasubiri wali uive mlikisoma wapi?

Mwingine atasema nimeshakuwa mzungu. Mzungu gani anayelipa pauni 1,035 kila mwaka wa viza, hiyo ndo ada ya afya toka Februari 2024, unailipa kabla hujaugua hata mafua na kodi unakatwa vilevile. Na usidhani ukilipa unapasuliwa kesho, hapa England orodha ya kusubiri matibabu ilishapita milioni 7, mimi nimekaa na mawe yangu nikiogopa hata sambusa. Kwa hiyo hiki kitanda nimekilipia, niacheni.

Ila tuseme ukweli, kuna mahali nilinywea. Kabla ya upasuaji wanakuuliza, ukishapewa nusu kaputi nani atakuwa na wewe usiku wa kwanza, lazima awe mtu mzima, vinginevyo hatukuruhusu kwenda nyumbani. Dawa wanakupa, soksi za kubana wanakupa, mtu hawakupi. Nikashika simu napanda nashuka kwenye majina, huyu yuko shift, huyu yuko mji mwingine, jirani wa mlango wa pili hata jina lake silijui. Huko kwetu ningepata watu ishirini bila kuita, hilo nalikubali na wala sibishi.

Aliyekuja ni dada mmoja wa Mombasa, anafanya usiku kwenye nyumba ya wazee, kaacha shift yake na asiyeingia halipwi. Kapika uji wa mchele, kaosha sufuria, kakaa kwenye kiti na simu yake, ameizima sauti. Usiku kucha kaniuliza kitu kimoja tu, kama nataka maji. Mnaona inawezekana? Na yule ni mswahili kama nyinyi.

Mama naye leo kapiga video, salamu haijaisha anasema funua nione mshono. Nikafunua. Katazama zile plasta nne, kimya kidogo, halafu akamwita shangazi aje aone, "yaani ndo hivi tu ndo amelala toka juzi?"