Anayekuigiza awe mtani wako

Naishi Milwaukee, kama saa moja kwa gari kutoka Lake Geneva, mji mdogo wa Wisconsin ulikozaliwa mchezo wa Dungeons & Dragons mwaka 1974. Huku watu wazima, wenye kazi na watoto, hukaa mezani Jumamosi usiku. Mmoja anasimulia, wengine kila mtu ana mhusika wake wa kuigiza, na dado yenye nyuso 20 inaamua kama upanga umepata au umekosa. Wenzangu wa kazini waliponialika nilikubali papo hapo. Nimekulia Kilwa Masoko kwa hadithi za bibi za usiku, nikaona haya ni paukwa pakawa yetu, ila msikilizaji naye anaingia hadithini.

Miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu. Kisha safari yetu ikafika Chult.

Chult ni nchi ya kusini katika ramani ya mchezo huo: misitu, mijusi mikubwa ya kale, wafu wanaotembea. Kitabu kilichotoka mwaka 2017 kina bandari iitwayo Port Nyanzaru, mfanyabiashara aitwaye Wakanga O'tamu, na mbabe aitwaye Ras Nsi. Sikio la Mswahili linasikia Nyanza, linasikia kanga, linasikia tamu, halafu linasikia Ras ya Wahabeshi, yote yametiwa chungu kimoja. Haki yao niwape: wafanyabiashara wakuu wa bandari hiyo ni matajiri na ndio wanaotawala mji. Ila kitabu hakisemi watasemaje mezani. Hilo ni juu ya msimulizi.

Msimulizi wetu, kijana mpole ambaye hunisubiri kila siku tutoke kazini pamoja, alipofika kwa mchuuzi wa Chult alivimbisha midomo, akaburuta maneno, Kiingereza chake kikawa cha kuvunjikavunjika. Watatu wakacheka. Halafu wote wakanigeukia mimi. Niliibana ile dado mpaka kingo zake zikaniacha alama kiganjani. Sikusema kitu. Nilivyofika nyumbani, mke wangu akaniuliza, "Kuna msiba?"

Usiku ule nikakumbuka msiba kweli, wa baba.

Baba alikuwa Mngoni wa Songea. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali karne ya 19, na vita vile vikazaa utani. Siku ya mazishi, mzee mmoja Mhehe, jirani yetu, alikuja asubuhi na mapema, akavaa koti la marehemu, akachukua fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akichechemea vilevile, akikohoa vilevile, akifoka kwamba chai haina sukari. Alimsema baba kwa ubahili wake mbele ya ndugu zake wote. Mama alicheka huku machozi yanamtiririka. Na jua lilipopanda, mzee yuleyule alikuwa makaburini na jembe mkononi. Baada ya arobaini ndiye aliyekuja kutuuliza ada ya shule tumeilipaje.

Nyumbani, anayekuigiza anajua babu yako alizikwa wapi, na ukifiwa ana wajibu kwako. Akizidisha, nawe una ruhusa ya kumrudishia. Huku nimeona mtu akiigiza watu ambao hajawahi kula nao, hawapo pale kumjibu, na mchezo ukiisha anakunja ramani anakwenda kulala. Hilo ndilo lililoniuma, kuliko ile sauti yenyewe.

Na sisi tusijisafishe. Katika vichekesho vyetu vya redio na televisheni Mmasai ni mlinzi asiyejua Kiswahili, Mhindi ni mwenye duka wa "veve nataka nini". Hao hatuna utani nao. Tunawacheka wakiwa hawapo, na yule anayekesha getini kwetu tukilala hatujui hata watoto wake wanaitwa nani. Nilicheka vichekesho hivyo miaka mingi kabla sijakaa kwenye kiti chao.

Huku wako wanaosema kila mtu aigize watu wa kwao tu. Siafiki. Tukifanya hivyo, hadithi zitabaki kila mtu na kwao, hakuna atakayemjua mwenzake. Kampuni ya mchezo ilitangaza mwaka 2020 kwamba itaacha kuwachora orki na drow, jamii za kubuni za mchezo huo, kama viumbe waovu kwa kuzaliwa, na kitabu cha wachezaji cha mwaka 2024 kimeacha kuzigawa jamii hizo kwa neno "mbari", kinatumia "spishi". Nimefurahi. Lakini kubadili neno hakumfundishi mtu kusalimia.

Nilimpigia yule kijana nikamweleza yote, hata habari ya koti. Alikaa kimya muda mrefu, akaniomba radhi, kisha akaniomba nisimulie mimi ile bandari.

Basi nikawapeleka Kilwa. Nikawapa mji alioufikia Ibn Battuta mwaka 1331, masultani wanaofua sarafu zao za shaba, dhahabu inayopanda kutoka Sofala. Mchezaji wa kwanza alishuka chomboni akauliza bei ya mashua. Mwenye mashua akarudi kwenye kahawa yake. Mchezaji akarusha dado, akapata 19, nikamwambia dado haisaidii hapa, hujasalimia. Ilipita nusu saa kabla hawajajua kuuliza habari za nyumbani, za safari, za upepo wa bahari, na kukaa barazani wanywe kahawa chungu na kashata. Bei ikatajwa mwisho kabisa, na ilikuwa nzuri. Wote niliwasemesha kwa Kiingereza changu cha kila siku.

Sasa kijana yule anataka mhusika wake mpya awe nahodha wa Kilwa. Nimemkubalia. Anakuja saa moja kabla ya wengine, tunakaa jikoni, namfundisha salamu. Juzi alifika kwenye "shikamoo", akaniuliza nani anamwamkia nani, tukachelewa kuanza.