Eti "kampuni haitahusika"

Geuza tiketi ya basi la mkoani usome yale maandishi ya sisimizi: ukichelewa nauli hairudishwi, mzigo ukipotea kampuni haitahusika. La kuchelewa sawa, huo uzembe wangu, sidai hata mia. Ila begi nililipia! Konda kaliandika namba kwa maka peni, kalisukumia kwenye buti, kafunga, ufunguo kaning'iniza shingoni mwake. Tunashuka Mbeya usiku, begi hakuna, naye ananisomea tiketi.

Jirani wa siti anasema serikali itunge sheria. Ya nini, bwana? Zipo tele. Aliyekula hela yangu na kushika ufunguo anilipe, basi. Nimeambulia soda ya pole, tena ya moto.