Ile seti ya vichokoo inayong'aa, mimi nasema iache dukani

Ukipita maduka ya vifaa vya ufundi hapa Mbeya kuanzia Kabwe mpaka Mwanjelwa utaikuta imetundikwa mbele kabisa, ile seti ya vichokoo na vikulabu vidogo ndani ya nailoni, vipini vya rangi rangi, chuma kinang'aa balaa, na bei yake haiumi. Vijana wengi wakitoka tu chuo cha ufundi VETA na kupata hela ya kwanza wananunua hiyo. Na mimi siwalaumu maana kwa macho inavutia kweli, ila msimamo wangu ni kwamba ile seti iache, bora ununue kimoja kimoja hata kama itakuchukua mwaka mzima kukamilisha, afu vingine utengeneze mwenyewe, nitaeleza huko chini.

Kwa ambaye hajui naongelea nini, ni vile vifaa vyembamba kama bisibisi ila ncha yake ni kama sindano, kingine kimenyooka, kingine kimepinda nyuzi 90, kingine kina kulabu mviringo, kingine kimepindapinda mara mbili hivi. Kazi yake ni kuchokonoa oringi (ile pete ya mpira inayozuia mafuta yasivuje), kung'oa sili ndogo, kutoa klipu iliyojificha, kuachanisha plagi za waya za sensa ambazo zimeganda na vumbi. Na huku kwetu hiyo kazi haiishi, barabara ya Tunduma usiku na mchana ni masemi tu, yale malori ya trela, gari ikipanda Kitonga inachemsha, ikishuka inachoma breki, ikifika Mlima Nyoka na ule mteremko wa Iwambi inachoma tena, sasa mpira wa sili ukipigwa na moto namna hiyo kila safari unakakamaa mpaka unakuwa kama plastiki, hautoki kwa kidole wala kwa bisibisi, lazima uchokonoe.

Sasa kosa linaanzia kwenye neno "imara". Mtu akiambiwa tafuta kifaa imara anawaza chuma kigumu. Kichokoo kigumu kupitiliza ndo kibaya zaidi kuliko kile laini! Kile laini kitapinda, utakasirika, utakinyoosha, basi. Kile kigumu kinakatika ncha bila kukuonya, na ncha ikikatika ina sehemu mbili tu za kwenda, ama inaruka juu na jicho lako liko pale pale umeinamia, ama inabaki ndani ya masta silinda ya breki au pampu ya stelingi na wewe hujui, unafunga, gari inaondoka na kipande cha chuma tumboni. Chuma unachotaka ni kile ambacho ukikiminya kinapinda kidogo halafu kinarudi chenyewe. Vile vizuri vingi ni chuma cha krom-vanadiamu au chuma cha springi ambacho kimechomwa kikapozwa halafu kikapashwa tena moto mdogo kupunguza ule ukali, hiyo hatua ya mwisho ndo viwanda vya bei chee huwa vinaifanya haraka haraka au vinairuka kabisa. Na ile kung'aa ni kromu ya juu tu, haikuambii chochote kuhusu kilichoko ndani, hata maandishi "chrome vanadium" kwenye kipini mtu yeyote mwenye mashine anaweza kuyapiga, mimi siyaamini mpaka nijaribu.

Kujaribu sio ngumu. Nenda na tupa ndogo mfukoni, muuzaji atanuna lakini mwambie ukiharibu unalipa, pitisha tupa pale shingoni karibu na kipini. Ikila kirahisi kama unasugua msumari, rudisha. Ikiteleza kabisa bila kuacha hata alama, nayo rudisha, itakukatikia. Unataka ile inayong'ata kwa shida. Halafu kandamiza ncha kwenye ubao, weka nguvu ya kawaida ya kazi, achia, angalia kama imerudi kwenye mstari wake. Halafu angalia pale chuma kinapopinda, kona ikiwa kali sana na ina vimistari vidogo hapo ndo itapasukia, nzuri ina mviringo kidogo. Mimi huwa naangalia hapo kuliko hata jina la kampuni.

Kipini nacho. Watu wanapenda vile vya mpira laini kwa sababu vinashika vizuri mkononi, na asubuhi ya mwezi wa sita Uyole au Makambako mkono umekufa ganzi unaelewa kwa nini. Ila mpira laini wa bei rahisi ukipata petroli na mafuta ya breki unavimba, unaanza kunatanata, baada ya muda chuma kinazunguka ndani ya kipini na hapo kifaa kimeisha hata kama ncha bado mpya. Chukua plastiki ngumu yenye pembe sita, haibingiriki hata ukiiweka juu ya bampa, na shika chuma kwa plaizi uzungushe uone kama kinacheza. Kikicheza hata kidogo, hapana.

Lakini yote hayo ni nusu tu ya habari, maana kuna swali ambalo mafundi wengi hatujiulizi, kichokoo kiwe imara dhidi ya nini? Maana mfereji wa oringi hauhitaji mkwaruzo mkubwa ili uanze kuvuja. Kalipa ya breki, ile inayobana pedi kwenye diski, ile sili yake ya pembe nne ndani haizuii mafuta tu, ndo inayoivuta pistoni irudi nyuma ukiachia pedali, sasa wewe ukiingiza kichokoo cha chuma ukakwangua mfereji wake, unaweka sili mpya ya hela nyingi halafu inavuja, mteja anarudi anasema sili ulizoweka feki, na duka lililouza sili linatukanwa bure. Hapo kifaa sahihi ni cha brasi, au plastiki ngumu, au hata mti mgumu uliochongwa vizuri. Brasi ni laini kuliko chuma, ikigusana na ukuta wa silinda ya chuma inaumia yenyewe. Itaisha haraka, ndiyo, na hiyo ndo kazi yake.

Na naomba niseme hili kwa mafundi wa bodaboda jamani, acheni kuchokonoa jeti ya kabureta, kile kidude chenye tundu dogo la kupitisha petroli, kwa kichokoo cha chuma! Jeti ni ya brasi, tundu lake limepimwa kiwandani kwa sehemu ya milimita, wewe unaingiza sindano ya chuma unazungusha, tundu limepanuka, pikipiki inaanza kunywa mafuta na plagi ya cheche inakuwa nyeusi, kijana anahangaika Mbalizi na Mafiati hela yote inaishia kituo cha mafuta. Petroli safi na upepo wa kompresa, imegoma sana chukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme.

Vile vikubwa, kulabu ndefu zenye kipini cha kushika kwa mkono mzima, hivyo havipo kwenye seti ndogo na wengi hawana kabisa. Ukishaitumia moja kwenye hozi ya rejeta hutarudi nyuma. Unaingiza ncha kati ya mpira na bomba, unaweka maji ya sabuni kidogo, unazungusha taratibu, hozi inaachia nzima. Bila hiyo watu wanakata kwa kisu, na kisu kinaacha alama kwenye bomba la alumini, hozi mpya inavuja na klipu inakazwa mpaka inakatika. Mimi kama hela ni ya kifaa kimoja tu leo, nanunua hiyo kulabu kabla ya yote.

Najua kuna atakayesema basi nunua Snap-on. Sawa, ni kampuni ya Marekani tangu 1920, vifaa vyao vizuri sina ubishi, ila ile garantii wanayojivunia nani atakubadilishia ukiwa Makambako? Vikipatikana vya mtumba chukua, uvijaribu kwa tupa kama vingine.

Vya kutengeneza mwenyewe sasa. Spoku ya pikipiki watu wanaicheka ila waya wake umevutwa ukiwa baridi, una nguvu kuliko vingi vilivyomo kwenye ile nailoni. Pinda ncha kwa plaizi, noa kwenye grainda kidogo kidogo huku unachovya kwenye maji kila mara, ikigeuka bluu ujue umeshapita kama digrii 300 na hiyo ncha imelainika, kata uanze upya. Kipini chomelea nati au chonga mti. Ya brasi ni rahisi zaidi, nenda anapouza vifaa vya kuchomelea gesi, omba fimbo moja ya brasi, ile nyembamba, inatoa vitatu au vinne, unaviunda kwa tupa tu bila moto.

Vikae peke yake, visichanganywe na spana chini ya boksi, kata vipande vya mpira wa petroli uvivalishe kwenye ncha. Na cha brasi usimuazime mtu, kitarudi kimepinda maana kuna mmoja lazima atajaribu kufungulia soda.