Kichaa cha mbwa Pemba: dola 256 au dola 1,657?

Kila ikija hoja ya kuchanja mbwa Pemba, hukosi kusikia swali hili: kwa nini fedha ziende kwa mbwa, hali dawa za watu hazitoshi? Ni swali la haki, na utafiti uliochapishwa mwaka 2023 katika jarida la eLife unalipa nguvu. Watafiti walifuatilia kichaa cha mbwa kisiwani kuanzia 2010 hadi 2020, kisha wakapiga hesabu. Kumchanja mtu aliyeumwa hugharimu dola 256 za Marekani kwa kila kifo kinachoepushwa. Ukiongeza kuchanja mbwa kila mwaka, gharama hupanda hadi dola 1,657.

Kwa hesabu hiyo peke yake, anayesema watu kwanza ameshinda.

Lakini chanjo ya mtu huanza kazi mbwa akishauma. Mtoto kang'atwa kigimbi akitoka skuli. Jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, robo saa nzima, kisha mbio hospitali, na kurudi tena kwa sindano zinazofuata, kila safari na nauli yake. (Sisi Waislamu tuliozoea kuosha mara saba, moja kwa udongo, chombo alicholamba mbwa, tusichanganye mambo: kwenye jeraha ni sabuni, udongo usitiwe kabisa.) Dalili zikishatokea, kupona ni nadra mno. Na mbwa aliyeuma bado yuko njiani.

Vinasaba vya virusi vilionesha minyororo 5 ya maambukizi ikizunguka Pemba tangu 2010. Yote ilikatika kufikia Mei 2014, baada ya mbwa kuchanjwa kisiwa kizima mwaka hadi mwaka. Kisha chanjo ikalegalega. Mwishoni mwa 2016 virusi vikaingia tena kutoka nje, mara mbili, na havikuzimwa hadi Oktoba 2018, mbwa waliporudi kuchanjwa. Ndiyo maana kauli ya "ugonjwa haupo, tuchanje wa nini?" hunitia hofu. Shirika la Afya Duniani hutaka angalau mbwa 70 katika kila 100 wawe na chanjo; ukiruka mwaka, wakubwa wanakufa, watoto wanazaliwa bila kinga, na idadi ile inaporomoka kimyakimya.

Ugumu upo. Mbwa wengi hulinda makonde dhidi ya tumbili, hawalali uani. Mwenyewe humleta kafungwa kamba ya usumba, kamba ndefu, kwa kuchelea mate yake. Wa kumshika mdomo hapatikani. Siku nzima inaweza kwisha kwa mbwa wachache.

Hata hivyo, mimi nazikubali dola 1,657. Utafiti huo unakadiria kwamba kisiwa kikibaki salama, familia zaidi ya 30 kila mwaka huepukana na kuumwa na mbwa mwenye kichaa. Chanjo ya mtu isiguswe hata fedha zikipungua, na iwe bure. Ya mbwa iingie kwenye bajeti ya kila mwaka, ugonjwa uwepo usiwepo, na masheha, viongozi wa mitaa wanaowajua wenye mbwa shehiani mwao, waulizwe mapema, kabla timu ya chanjo haijafika.